Newala ya Picha na Newala ya Watu

Matembezi ya kwenda kuona mahali zilipopigwa filamu za kihistoria yamekuwa tawi la utalii katika nchi nyingi. Abiria hupanda basi asubuhi, mwongozaji hushika kipaza sauti, na hadi magharibi wamekwishaonyeshwa nyumba, daraja na vichochoro walivyovijua kwanza kwenye kioo. Furaha hiyo si ya kubezwa. Hata hivyo, mhakiki ana haki ya kuuliza: anayesimama mbele ya nyumba ile anaiona nyumba, au anaitazama tena filamu?

Kwa Unguja jibu si gumu sana. Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, inaurudisha Mji Mkongwe kwenye miaka ya 1950, zama za harakati za kudai uhuru. Mgeni anayeifuata mitaani ana mizani mkononi, nayo ni riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 iliyozaa filamu hiyo. Mwongozaji akitia chumvi, msomaji atamrudisha kitabuni. Isitoshe, Mwajuma wa kwenye filamu ameigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, hivyo picha na sauti zimetoka katika chungu kimoja. Mahali pamesimuliwa na wenyewe kabla ya kupigwa picha na yeyote.

Newala ni kinyume chake. Huko kamera ilitangulia, na ilishikwa na mgeni. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa mila na makabila kutoka Leipzig, alifika Lindi, akapita Masasi na Chingulungulu kwa Matola, kisha akapanda uwanda wa juu wa Makonde na kupiga kambi Newala. Alichukua kamera ya picha za kutembea na mashine ya kunasa sauti kwa mitungi ya nta. Ngoma alizozipiga picha kusini ile ni miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa za nchi ambayo leo ni Tanzania.

Ubora wa kazi ile haukataliki. Lakini itazamwe kama kazi ya sanaa, na upungufu wake utajitokeza. Kamera ya zama zile ilikuwa bubu. Mguu unakanyaga na ngoma haisikiki. Midomo inafunguka na wimbo haupo. Nyimbo zilikwenda kwenye nta, picha zikaenda kwenye utepe, na vyote viwili vikavuka bahari. Kwa mpenzi wa ushairi hasara hiyo ni kubwa, kwani wimbo wa ngoma hauna uhai nje ya mwili unaoucheza. Ukiutenga na hatua zake, umebakisha makumbi, nazi imekwenda.

Upungufu wa pili ni wa historia. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa. Misheni ya Masasi iliteketezwa mwaka 1905, na kitabu cha Weule mwenyewe, kilichotoka mwaka 1908, kinaeleza wafungwa waliofungwa minyororo pale Lindi. Anayetazama picha za wachezaji bila kuijua minyororo hiyo ataamini kwamba watu wale walikuwa wakistarehe tu, nao walikuwa wakicheza mbele ya mgeni aliyelindwa na askari wa boma.

La tatu ni zito zaidi. Weule aliingia hata katika mambo ya unyago. Kila aliyelelewa Pwani anajua kwamba yapo maneno ya somo na mwari ambayo mwanamume hayasikilizi, seuze mpita njia. Utetezi hutolewa kwamba pasingekuwepo yeye, leo pasingekuwepo kitu. Ni kweli kwamba picha zile zisingekuwepo. Unyago wenyewe, pamoja na jando na ngoma za mapiko, haukusubiri kamera ili uishi. Ulipokezwa kwa vinywa, na vinywa havikufungwa.

Basi likipanda leo barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala, kilomita 210, litapita mikorosho na kufika ukingoni mwa uwanda, pale Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka hadi Msumbiji. Mandhari hiyo haihitaji filamu. Inachohitaji ni mtu wa kueleza kwa nini wazee waliishi juu ya uwanda usio na maji, wakiyafuata bondeni kwa miguu: vichaka vizito vya juu viliwakinga na wavamizi. Hilo picha bubu haliwezi kulisema.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Weule alikuja, na aliyepona ni jumba la makumbusho. Ikiwa matembezi ya namna hii yatafika Newala, picha zile zitangulie kurudi, zikatazamwe kwanza na wenye ngoma, masomo wakiamua lipi lionyeshwe na lipi lifunikwe. Baada ya hapo abiria washuke, na mwongozaji ampe mwenyeji kipaza sauti.