Pongezi kwa Wachezaji wa Mapiko

Mapiko ni ngoma ya vinyago ya Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma: Mtwara, Newala na Tandahimba kwa upande wa Tanzania, Mueda kwa upande wa Msumbiji. Kwa asili huchezwa vijana wanapotoka jandoni.

Kinyago chake, lipiko, huchongwa kwa mti mwepesi na kuvaliwa kichwani kama kofia. Hubandikwa nywele halisi za binadamu, na chale za uso huweza kutengenezwa kwa nta. Nguo humfunika mchezaji mwili mzima, naye huona kupitia mdomo wa kinyago. Kucheza kwa kasi ukiwa na tundu hilo moja tu ni ustadi wa hali ya juu. Kama ilivyo katika mazingaombwe, siri ndiyo roho ya kazi: zamani wanawake na watoto waliambiwa kuwa mchezaji huyo ni mzimu.

Baadaye wachongaji waliongeza sura za Wazungu na askari. Leo mapiko huchezwa pia kwenye matamasha, na video zake huonekana kwenye intaneti, mchezaji akisifiwa bila kujulikana. Anayezisambaza na ataje walau kikundi na kijiji.