Binti Aliyeuza Sauti Yake

Siku hizi watoto wetu wa Korogwe na Handeni hawasikii ngano kwa bibi zao tu; wazitazama pia katika sinema za katuni, kwa televisheni na kwa simu. Basi yatupasa sisi wazazi na walimu kuzipima ngano hizo, kama tunavyoonja uji kabla ya kumpa mtoto.

Wako wahakiki, hasa watetezi wa haki za wanawake, ambao tangu zamani wamezilaumu sinema hizi. Wasema kwamba binti wa ngano hukaa akingoja tu: Snow White, wa mwaka 1937, alala katika jeneza la kioo, na Cinderella, wa mwaka 1950, angoja kiatu kiletwe. Lawama hii ina kweli ndani yake, lakini haitoshi. Cinderella si mvivu. Ndiye afanyaye kazi yote ya nyumba, na wasichana wetu waamkao alfajiri kwenda kisimani wamjua vema. Kumdharau kwa kuwa avumilia ni kumwonea mara ya pili.

Mimi naona kosa kubwa liko katika sauti. Tazameni The Little Mermaid, sinema ya mwaka 1989, iliyotokana na ngano ya mwaka 1837 ya Hans Christian Andersen wa Denmark. Ariel, binti nguva, ampa mchawi sauti yake ili apate miguu. Kisha ataka kupendwa na mwana wa mfalme pasipo kusema neno. Mwisho sauti yamrudia, lakini amwuaye mchawi ni yule mwana wa mfalme, na ampaye miguu ya kudumu ni baba yake. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa lugha huko Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walitoa hesabu ya maneno: katika sinema hiyo wanaume husema sehemu 68 katika kila 100, ingawa shujaa wake ni mwanamke. Katika Cinderella, iliyo ya zamani zaidi, wanawake husema sehemu 60. Basi si kila kipya kilicho bora.

Sasa linganisheni na habari ya Wanankhucha. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi nchi ya Wasomali. Wazee wa kizazi chao husimulia kwamba mwanamke huyo, aliyekuwa mwaguzi, ndiye aliyewaongoza watumwa kutoroka mpaka bonde la mto Juba. Sifa yake katika masimulizi hayo ni neno lake: alisema, na watu wakaondoka. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wa watu hao walikimbilia Handeni, wakakaa Mkuyu, kisha Chogo. Nao walikuwa wangali wakisema Kizigua.

Labda yuko baba atakayeniambia, "Mwalimu, ukimsifu binti msemaji, utawafundisha watoto wetu jeuri." Namjibu hivi: Baba yangu, binti asiyezoea kusikilizwa nyumbani, siku atakapodhulumiwa njiani au shuleni, atamwambia nani? Na akiletewa posa asiyoitaka, atasemaje, ikiwa tangu utoto amefunzwa kwamba uso wake watosha? Hapo ngano si mchezo tena.

Sisemi tuwanyime watoto sinema. Yafaa tuketi pamoja nao, na hadithi ikiisha tuwaulize: Binti huyu alisema nini? Nani alimsikiliza? Neno lake liligeuza jambo gani? Kisha tuwasimulie habari ya Wanankhucha, maana ni ya kwao. Na tukiisha kusimulia, tunyamaze kidogo, tumwachie binti naye aseme.