Picha na Damu: Uthibitisho wa Nasaba katika Filamu ya La historia oficial

Filamu ya La historia oficial, iliyoongozwa na Luis Puenzo kwa muswada aliouandika pamoja na Aída Bortnik, ilitoka nchini Argentina mwaka 1985, mwaka uleule ambao makamanda wa utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983 walifikishwa mbele ya mahakama ya kiraia. Ni rahisi kuisoma kama kisa cha kuamka kwa dhamiri ya mtu mmoja. Alicia, mwalimu wa historia, anaanza kushuku kwamba Gaby, binti aliyeletewa na mumewe Roberto, alizaliwa na mama aliyetekwa na kupotezwa na dola. Usomaji huo hautoshi, kwa kuwa unaliacha kando swali zito zaidi: nani ana mamlaka ya kuthibitisha nasaba ya mtoto?

Ndani ya filamu, uthibitisho ni picha. Sara, mwanamke anayemtafuta mjukuu wake, anamwonesha Alicia picha za binti yake alipokuwa mdogo, na sura inafanana na ya Gaby. Mtazamaji anashawishika, mahakama isingeshawishika. Kisa kinatokea mwaka 1983, hivyo si haki kukilaumu kwa kutotaja vipimo vya maabara. Hata hivyo, kazi ya kuvipata vipimo hivyo ilikuwa imeanza. Bibi wa Plaza de Mayo, waliojiunga pamoja mwaka 1977, walikuwa wakiwauliza wanasayansi kama damu ya bibi na babu inaweza kuziba pengo la wazazi waliouawa. Mary-Claire King, mwanajenetiki wa Marekani, alishiriki kulijibu swali hilo. Desemba 1984 mahakama ilimrejesha msichana mmoja kwa bibi yake kwa msaada wa vipimo vya aina hiyo. Baadaye ilitumika DNA ya mitokondria, ambayo mama huwarithisha watoto wake wote, kiasi kwamba bibi mzaa mama peke yake aliweza kulinganishwa na mjukuu. Mwaka 1987 sheria ikaanzisha benki ya taifa ya data za vinasaba.

Hapa ndipo udhaifu wa filamu unapojitokeza. Ukweli wa Gaby umewekwa mikononi mwa Alicia. Sara hana pa kwenda iwapo Alicia atanyamaza. Padri anayemwendea anamkwepa, na Roberto anamfukuza Sara nyumbani. Demokrasia changa isingeweza kutegemea wema wa aliyemshika mtoto. Ilihitaji chombo ambacho bibi angeweza kukiendea bila kumwomba Roberto ruhusa. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kusema kitanda hakizai haramu atauona mgogoro huu kwa ukali wake: utawala ule uliteka watoto, kisha ukatumia hati za uzazi kukihalalisha kitanda.

Hata hivyo, Puenzo anaelewa jambo ambalo maabara haliwezi kulisema. Alicia anampenda Gaby, na mapenzi hayo si ya uongo. Tamati haitoi jibu la nasaba. Roberto anaviponda vidole vya mkewe mlangoni, Alicia anaondoka, na Gaby anabaki kwenye kiti cha kubembea nyumbani kwa wazazi wa Roberto, akiimba, bila kujua kwamba kuna mtu anayemtafuta.