Ufito Mmoja kwa Kazi Nyingi: Uchaguzi wa Ufito wa Kutupia kwa Mvuvi wa Mununga

Mpwa wangu, aliyekwenda kufundisha Mununga, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, aliniletea salamu mwezi wa Novemba, na baada ya kuniuliza hali yangu na hali ya watu wa nyumbani kama adabu inavyotaka, alinieleza haja yake kwa maneno machache: "Mjomba, nataka ufito wa kuvulia, ule wa kutupia chambo, uwe rahisi, na uweze kila kazi." Haja hii, ijapokuwa fupi kwa maneno, ni ndefu kwa mambo, kwa kuwa ufito uwezao kila kazi haujapata kutengenezwa, na zile fito zinazouzwa rahisi ni nyingi kuliko zile zinazostahili kununuliwa, na mtu aishiye Mununga, akiupata mbaya, hana duka la jirani la kuurudisha. Nimeona, basi, ni vyema niandike jinsi tulivyouchagua, hatua kwa hatua, pamoja na sababu zake, ili mwenye haja kama ile apate pa kuanzia.

Yafaa kwanza maji yenyewe yajulikane, maana ufito huchaguliwa kwa maji na samaki wake kabla ya kuchaguliwa kwa fedha. Ziwa Mweru, lililo mpakani mwa Zambia na Kongo, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,120, nalo liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 900. Upande wake wa kusini, unakoingia Mto Luapula, maji ni haba ya kina na matete ni mengi, na upande wa kaskazini, unakotokea Mto Luvua penye mji wa Pweto, kina huzidi. Mununga iko kaskazini ya Nchelenge, na mdomo wa Mto Kalungwishi, mto uletao maji ya maporomoko ya Lumangwe, hauko mbali nayo. Msomaji wa pwani atafurahi kusikia kwamba katika ziwa hilo mna kisiwa kiitwacho Kilwa, ingawa si Kilwa ile ya masultani, na kwamba ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, Kiswahili cha Katanga husemwa sokoni asubuhi hadi jioni.

Wavuvi wa huko, walio wengi, huishi kwa nyavu. Samaki aitwaye pale huvuliwa kwa nyavu za kutega, na chisense, samaki wadogo kama dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Ufito ni chombo cha mtu mmoja mmoja, atafutaye kitoweo cha nyumbani au burudani ya jioni. Walakini udogo wa kazi hauondoi haki ya kazi hiyo kufanywa kwa maarifa.

Ufito wa kutupia, kwa namna ujulikanavyo leo, asili yake ni Marekani, nao ulizaliwa kwa ajili ya samaki mmoja aitwaye bass, mwenye kinywa kipana, mwenye tabia ya kujificha penye majani na magogo akivizia windo lipite. Mapema katika karne ya 19, George Snyder, fundi wa saa wa mji wa Paris katika jimbo la Kentucky, alitengeneza rili, yaani kikunjio cha mshipi, ambayo kibiringo chake huzunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa mkono. Na mwaka 1881 tabibu James Henshall alitoa kitabu kizima juu ya samaki huyo na namna ya kumvua. Kwetu Afrika ya Mashariki bass alipandikizwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya uvuvi wa starehe. Mweru si maji yake. Kwa nini, basi, mtu wa Mununga ashike ufito wa bass?

Jawabu liko katika tabia za samaki, wala si katika majina yao. Wamo katika Mweru samaki wa jamii ya Serranochromis, wenye vinywa vipana na walao samaki wenzao, nao huvizia kandokando ya matete vilevile kama afanyavyo bass. Na yumo manda, yule mwenye meno yapitanayo nje ya kinywa kama meno ya mtego wa chuma, ambaye havizii bali hufukuza. Huyu wa kwanza hutaka chambo cha bandia kiangukie dhiraa moja tu kutoka kwenye matete, kwa upole, na ncha laini isiyompokonya chambo kabla hajafumba kinywa. Huyu wa pili ana kinywa cha mfupa mtupu, na ndoana haimwingii ila kwa mvuto mkavu wa ghafla, utokao katika ufito wenye mgongo mgumu. Tena arukapo juu ya maji akatikisa kichwa, ufito uliokakamaa kupita kiasi humwachia. Mtu mwenye fedha hununua fito mbili akamaliza shauri. Mpwa wangu alikuwa na fedha za mmoja, na uchambuzi wote huu umesimama juu ya ugomvi wa samaki hawa wawili.

Ufito una mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya na wanunuzi hawayaulizi. La kwanza ni nguvu, yaani kadiri ya uzito unaohitajika ili ufito upinde. La pili ni mpindo, yaani mahali ambapo ufito huanza kupinda, iwe ni nchani, iwe ni kiunoni, iwe ni chini karibu na mpini. Mambo haya hayafuatani: waweza kuwapo ufito wenye nguvu nyingi upindao mpaka shinani, na ufito dhaifu upindao nchani peke yake. Kwa kazi yetu niliamua kwamba nguvu ziwe juu kidogo ya wastani, ili manda apate mkono wa kumzuia, na mpindo uwe katika theluthi ya juu, ili ncha ibaki na huruma kwa yule mwenye kinywa kipana. Urefu niliuweka kuwa futi 7, yaani sentimita 213, kwa kuwa ufito mfupi hutupa karibu, na mrefu humchosha mtu aliyeketi ndani ya mtumbwi. Uzito wa chambo niliutaka uanze gramu 7 na kuishia gramu 28, na mshipi uwe wa ratili 12 hadi 20. Hesabu hizi zote huandikwa kwenye mwili wa ufito, juu kidogo ya mpini, kwa herufi ndogo ambazo wanunuzi wengi hawazisomi kwa kuwa macho yao yamekwisha tekwa na rangi.

Katika duka moja la mji wa Ndola, tulikokwenda pamoja, tuliwekewa mezani fito tatu. Wa kwanza ulikuwa wa nyuzi za kaboni tupu, mwepesi kama unyoya, na bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya bei ya wa tatu. Wa pili ulikuwa wa nyuzi za kioo, zile zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili zikauondoa mwanzi katika utengenezaji wa fito. Wa tatu ulikuwa mchanganyiko wa kaboni na kioo, wa vipande viwili, wenye rangi ya majivu isiyomvutia mtu yeyote. Kaboni, iliyoingia katika fito mapema katika miaka ya 1970, ina sifa ya kweli: hupeleka mkononi habari ya kila jiwe na kila unyasi ambao chambo kimegusa. Lakini ina aibu yake pia, nayo ni kwamba ikigongwa na ubao wa mtumbwi hupata ufa usioonekana, kisha siku ya samaki mkubwa hukatika kwa sauti kama ya bunduki. Kioo ni kizito na kizembe, walakini husamehe.

Nilikuwa nimechukua mfuko wa chumvi wa nusu kilo, mshipi kidogo na kitonge cha pamba. Tulipitisha mshipi katika pete zote za kila ufito, tukaufunga mfuko mwishoni, kisha mpwa wangu akashika mpini na kuuinua taratibu huku mimi nikitazama kwa ubavuni. Ule wa kaboni ulipinda shibiri moja ya ncha na sehemu iliyobaki ikakaa imenyooka kama mchi. Na nilipoyasoma maandishi yake nikaona kwamba ulikusudiwa kutupa vyambo vizito kuliko vyetu. Ule wa kioo uliinama mpaka mpinini, na mfuko ukaendelea kuyumba kwa muda mrefu baada ya mkono kutulia, jambo ambalo kwa mtupaji maana yake ni kwamba chambo hakitaangukia kilipolengwa. Ule wa rangi ya majivu ulipinda theluthi ya juu, kisha ukakataa; mpwa wangu alipouongezea mvuto, kiuno nacho kikaja kidogo kidogo, kwa utaratibu, bila kuvunjika mstari wa upinde.

Hapo ndipo pa kutazama pete. Katika ufito wa kutupia, rili na pete hukaa juu, na chini ya kiti cha rili mna kijino mfano wa kifyatulio cha bunduki, ambacho kidole hushika; basi ufito unapopinda, mshipi husukumwa kuuelekea mwili wa ufito, na kama pete ni chache, mshipi hugusa mwili huo katikati ya pete na pete, ukasuguana nao na kuharibika. Kawaida njema ni pete moja kwa kila futi, na ile ya ncha juu ya hesabu hiyo. Ufito wa rangi ya majivu ulikuwa na 8 pamoja na ya ncha, na mshipi haukugusa popote. Fauka ya hayo, nilikichambua kile kitonge cha pamba nikakipitisha katika pete moja baada ya nyingine, nikizungusha kwa kidole, kwa sababu ufa ndani ya duara la kauri ni mwembamba kuliko unywele na jicho haliuoni, ila pamba huunasa. Pete tatu za kwanza zikapita salama. Ya nne ikabakiza nyuzi mbili nyeupe, zimesimama kama mvi. Mshipi wowote, hata wa bei kubwa, ungepita hapo siku kumi na ya kumi na moja ungekatika. Tuliomba ufito mwingine wa aina ile ile, ukaletwa kutoka ghalani, ukapimwa upya kwa chumvi na pamba, ukafaulu.

Juu ya vipande viwili, wako mafundi washikiliao kwamba ufito wa kipande kimoja ni bora, kwa kuwa kiungo huweka mahali pagumu katikati ya mpindo. Wasemayo ni kweli. Lakini kijiti cha sentimita 213 hakina nafasi ndani ya basi la kwenda Mansa na Nchelenge lililojaa magunia na mizigo ya watu, na ufito bora uliovunjikia njiani hauvui kitu. Nilikubali hasara ndogo ya kiungo, ila nilikiingiza na kukizungusha mara kadhaa nikisikiliza kama kinacheza, nacho hakikucheza.

Rili haikutuchukua muda. Tulichukua ya wastani, yenye breki ya kurekebishwa, na mshipi wa nailoni wa ratili 15.

Ufito ulifika Mununga katika siku za kwanza za Desemba, wakati ambao uvuvi katika Mweru umefungwa kwa sheria, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Na wazee wa Luapula wanaokumbuka jinsi samaki waitwao mpumbu walivyojaa mtoni, kabla ya nyavu kuwamaliza katika safari yao ya kuzaa, hawahitaji kuelezwa faida ya sheria hiyo. Mimi niliona muda huo ni bahati. Ufito wa kutupia una chuo chake: kidole gumba hukaa juu ya kibiringo na kukizuia chambo kinapokaribia kutua, na kidole kikichelewa, kibiringo huzunguka upesi kuliko mshipi utokavyo, ukatatazana mpaka uonekane kama kiota cha ndege. Nilimwagiza afunge chubwi bila ndoana, aweke beseni katika uwanja wa shule umbali wa hatua 15, na atupe kila jioni. Wiki mbili za kwanza alifungua matata zaidi kuliko alivyotupa. Watoto wa darasa la nne walikuwa wakihesabu kwa sauti. Aligundua mwenyewe, wala si mimi niliyemwambia, kwamba upepo ukija usoni yafaa breki ikazwe zaidi na mkono urushe chini zaidi, na maarifa hayo yatamfaa miezi ya kiangazi, uvumapo upepo wa kusini-mashariki ambao mtu wa pwani angeuita kusi. Mwisho wa Februari chubwi lilikuwa likilia ndani ya beseni mara saba katika kumi.

Barua yake ya Machi ilisema kwamba ufito haujapata alama, kwamba karibu na matete, kaskazini ya mdomo wa Kalungwishi, samaki wawili wenye vinywa vipana walichukua chambo cha kijiko cha shaba cha gramu 14 wakaishia jikoni, na kwamba manda wamemkatia nailoni mara tatu kwa meno, na vijiko vitatu vimekwenda nao. Ufito wa pili hakuuomba. Aliomba pima mbili za waya mwembamba, na nimeziweka katika bahasha, nangojea basi la Ijumaa.