Bari 12, Milisekunde 200

Wapiga saksafoni wa ridhaa wana mchezo mmoja mtandaoni ambao unastahili kutazamwa kwa jicho la fundi. Wanakubaliana wimbo mmoja wa jazi wenye umbo la bluzi, kila mmoja anajirekodi chumbani kwake juu ya biti ileile, kisha wanatumiana wasikilizane na kukosoana. Piano ni ileile, besi ileile, ngoma zilezile. Ukisikiliza rekodi kumi mfululizo, kinachobadilika ni saksafoni peke yake, na mtu anayelipwa mshahara benki au hospitalini anajikuta amepimwa na mizani ambayo hata wanamuziki wa kulipwa hawaipati mara nyingi.

Matokeo huwashangaza wengi. Wenye vidole vyepesi hawashindi. Tofauti kubwa kati ya rekodi inayomfanya msikilizaji atikise kichwa na ile inayomchosha ndani ya nusu dakika imo katika muda: noti inaanza lini ukilinganisha na pigo la ngoma. Na sehemu kubwa ya makosa ya muda haitoki kwa mpigaji. Inatoka kwenye vifaa.

Mfano mzuri wa kuchambua ni wimbo "Now's the Time". Mpiga saksafoni Charlie Parker aliurekodi New York tarehe 26 Novemba 1945 kwa ajili ya kampuni ya Savoy, akiwa na umri wa miaka 25. Pembeni yake kwenye tarumbeta alikuwa Miles Davis, kijana wa miaka 19, na nyuma yake Max Roach wa miaka 21 kwenye ngoma. Wimbo wenyewe ni kipande kifupi cha melodia kinachorudiwarudiwa juu ya bari 12 za bluzi. Aliyepitia kwaya atalielewa umbo hilo upesi: bari nne za mwanzo kodi imekaa kwenye do, ya tano na ya sita inapanda fa, ya saba na ya nane inarudi do, halafu bari nne za mwisho zinazunguka kupitia so ili kurudi nyumbani. Baada ya hapo mzunguko unaanza upya. Melodia hiyo ni nyepesi kiasi kwamba mwaka 1949 nyingine iliyofanana nayo sana, "The Hucklebuck" ya Paul Williams, ilitamba Marekani kama wimbo wa kuchezea dansi, huku Parker akiambulia patupu.

Wepesi huo ndio mtego. Mtu anaikariri melodia jioni moja, anaamini wimbo umemkaa, anabonyeza kitufe cha kurekodi.

Kikwazo cha kwanza ni ufunguo. "Now's the Time" uko kwenye F ya piano, lakini saksafoni haisomi kama piano. Mwenye alto anapaswa kupiga kwenye D, mwenye teno kwenye G. Anayesahau akapuliza F yake kwenye alto anatoa Ab, na hapo hata jirani asiyejua muziki atagonga ukuta. Kosa hili hujitangaza lenyewe, kwa hiyo halidumu.

Biti nazo zina historia yake. Mwaka 1967 Jamey Aebersold, mwalimu wa saksafoni kutoka New Albany, Indiana, alitoa sahani ya kwanza ya mfululizo wake wa muziki wa kufanyia mazoezi: wanamuziki halisi wanapiga, nafasi ya mpiga solo imeachwa wazi. Mfululizo huo uliendelea kwa miongo hadi kuvuka sahani mia, na mwaka 2014 taasisi ya sanaa ya serikali ya Marekani ilimpa tuzo yake ya juu kabisa ya jazi. Kulikuwa na ujanja mmoja katika sahani hizo: besi iliwekwa upande mmoja wa stereo na piano upande mwingine, ngoma pande zote. Mpiga besi alizima upande wake akashika nafasi yake, na mpiga piano vivyo hivyo. Leo wengi wanatumia programu ya simu kama iReal Pro, ambayo inatengeneza biti kutoka kwenye orodha ya kodi, kwa kasi na ufunguo wowote. Ni rahisi na ni nafuu, ila ngoma zake hazina damu kama za watu. Anayeweza kupata biti iliyopigwa na watu aichukue.

Sasa tuje kwenye muda.

Chukua kasi ya mapigo 120 kwa dakika, kasi ya kutembea kwa bluzi ya aina hii. Pigo moja ni nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Jazi haiugawi muda huo katikati. Kwa kasi hiyo noti ya kwanza ya pigo huchukua karibu theluthi mbili na ya pili theluthi moja, kwa hiyo noti fupi inaanza kama milisekunde 333 baada ya pigo na kudumu 167 hivi. Mwendo mzima wa swingi umebebwa na tofauti hiyo ndogo.

Sasa mchukue mpigaji aliyevaa hedifoni za Bluetooth. Sauti inayosafiri kwa njia hiyo hufungwa, hurushwa na kufunguliwa kabla ya kufika sikioni, na safari hiyo kwa kawaida hula kati ya milisekunde 100 na 250. Tuseme ni 200. Simu inapotoa pigo la kwanza, yeye halisikii mpaka milisekunde 200 baadaye. Anapuliza sawasawa kabisa na anachokisikia. Maikrofoni inaipokea noti yake papo hapo na programu inaiweka pale ilipoipokea, milisekunde 200 nyuma ya ngoma. Hiyo ni asilimia 40 ya pigo, muda mrefu kuliko noti fupi ya swingi. Kila alichopiga kimeangukia mahali pasipo pake, naye akisikiliza anajilaumu kwamba hana mdundo. Wenzake wanamshauri afanye mazoezi ya metronomu. Anafanya mwezi mzima, anarekodi tena kwa hedifoni zilezile, na kasoro iko palepale.

Dawa ya kwanza ni waya. Hedifoni za kawaida zenye waya, zikichomekwa kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB, huushusha ucheleweshaji hadi milisekunde chache, na mpigaji hahisi kitu. Dawa ya pili ni kupima. Watengenezaji wa Audacity, programu ya bure, walilijua tatizo hili tangu zamani, ndiyo maana ina mahali pa kusahihisha ucheleweshaji na imewekewa milisekunde 130 za kurudisha nyuma tangu kiwandani. Tarakimu hiyo ni makisio ya jumla tu, kila kompyuta ina yake. Njia ya kuipata ni kucheza metronomu, kuisogeza hedifoni hadi kwenye maikrofoni, kurekodi mlio, kisha kupima pengo kati ya mlio wa asili na uliorekodiwa. Mistari miwili inaonekana wazi kwenye skrini. Unaivuta rekodi nyuma kwa pengo hilo na kazi imekwisha. Wanaorekodi video kwa simu huku biti ikitoka kwenye kifaa kingine hufanya kwa njia ya kienyeji zaidi: wanapiga kofi moja pamoja na hesabu ya kuanzia, halafu wanalinganisha kofi hilo wakati wa kuunganisha. Linafanya kazi vizuri sana.

Hapa mjuzi wa jazi atapinga: mbona wakubwa wenyewe hukaa nyuma ya mdundo? Ni kweli, na kuna namba. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Max Planck na Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, walichukua rekodi za jazi, wakasogeza noti kwa kompyuta, wakawauliza wanamuziki wa jazi ni zipi zinaswingi zaidi. Ulioshinda kwa mbali ni mpangilio ambao noti za solo zinazoangukia kwenye pigo zinachelewa kama milisekunde 30, ilhali noti za katikati ya mapigo zinabaki sambamba na ngoma na besi. Walipopitia zaidi ya solo 450 zilizoandikwa noti kwa noti katika hifadhi ya jazi ya Weimar, walikuta karibu wapigaji wote wanafanya hivyo.

Milisekunde 30, tena kwa noti za kwenye pigo pekee. Ucheleweshaji wa kifaa hauchagui. Unaburuta kila noti kwa kiasi kilekile, ya kwenye pigo na ya katikati, na ndiyo maana rekodi ya Bluetooth haiwezi kujitetea kwamba imetulia kama wakongwe.

Muda ukishakaa sawa, ndipo inafaa kuuliza anapiga nini. Wengi wa ridhaa huingia na ngazi ya bluzi: noti sita ambazo hazigombani vibaya na kodi yoyote kati ya zile bari 12. Usalama huo una gharama, maana msikilizaji akifumba macho hawezi kujua bari ya tano imefika au bado. Kodi zinahama chini, solo imelala.

Noti moja inatosha kuliondoa tatizo hili. Kodi ya mwanzo imebeba mi. Inapohamia fa kwenye bari ya tano, mi hiyo inashuka nusu hatua. Kwa piano ni A inayokuwa Ab, kwa alto ni F# inayokuwa F, kwa teno ni B inayokuwa Bb. Anayeikanyaga mi kwenye bari ya nne na kuishusha mwanzoni mwa ya tano anawaambia wote kwamba anasikia kodi zikihama. Ukipitia solo za Parker katika kitabu cha Omnibook, kilichotolewa mwaka 1978 kwa kazi ya Aebersold na Ken Slone, utaona jinsi bari ya tano inavyobeba uzito. Wanaokopa vipande vya humo hufaidika pale tu wanapovipandikiza kwenye bari vilikotoka. Kipande cha bari ya tano kikiwekwa ya kwanza kinakuwa urembo wa kuazima.

Halafu kuna urefu. Bari 12 zenye mapigo manne ni mapigo 48, sawa na sekunde 24 kwa kasi yetu. Sahani za mwaka 1945 zilibeba kama dakika tatu kwa upande, kwa hiyo Parker na wenzake walilazimika kuanza wimbo, kupeana zamu na kuufunga ndani ya mizunguko michache. Mtu wa ridhaa hana sahani ya kumbana. Anapiga mizunguko kumi, na kuanzia wa nne anajirudia. Wanaojiwekea mizunguko mitatu ya solo hupanga upya kichwa chao: wa kwanza noti chache, wa pili unazijibu, wa tatu unapanda.

Kuhusu sauti, makosa ni machache na yanafahamika. Maikrofoni ikielekezwa ndani ya kengele ya saksafoni, noti za chini zinanguruma na nyingine zinafifia, kwa sababu sehemu kubwa ya sauti hutokea kwenye matundu yaliyo wazi mwilini mwa ala. Sentimita 30 hadi 60 mbele, ikitazama katikati ya vibonyezo, inatosha. Simu nyingi zina mtambo wa kusawazisha sauti na kukata kelele. Usipozimwa, mwisho wa kila noti unamezwa. Ala ikiwa baridi inashuka sauti, takriban sehemu tatu za mia za nusu hatua kwa kila nyuzijoto moja, na biti haiwezi kumsubiri mtu ajipashe moto. Wazoefu huacha sikio moja nje ya hedifoni, kwa sababu meno yaliyoshika ala yanapeleka mtetemo moja kwa moja kwenye fuvu na kumdanganya mpigaji kuhusu sauti yake.

Lakini upungufu mkubwa wa biti hauna kifaa cha kuutibu: haimsikilizi mpigaji. Katika bendi, mpiga solo akinyamaza bari mbili, mpiga piano ataijaza nafasi. Akipandisha moto, ngoma zitamfuata. Biti itapiga vilevile hata akitoka kwenda kunywa maji. Wa ridhaa wengi hulijibu hilo kwa kupuliza bila kuacha nafasi, kama wanaogopa kimya kitawaumbua. Wazuri hugeuza mambo. Wanaisikiliza biti mara nyingi kabla ya kushika ala, wanajua mpiga ngoma anapiga mzungusho wapi na mpiga piano ananyamaza wapi, kisha wanapanga kuongea kwenye mapengo hayo. Msikilizaji asiyejua ataapa kwamba piano imemjibu.

Maoni yanayofuata rekodi yanafaa kadiri yanavyotaja mahali. "Umekimbia mzunguko wa pili, bari ya tisa" ni dawa. Pongezi tupu hazimfundishi mtu kitu. Na masikio haya yaliyonolewa hugundua hata rekodi zilizoshonwa. Savoy walitunza jaribio zaidi ya moja la "Now's the Time" kutoka siku ile, na kila lililofika mwisho lina solo nzima iliyopigwa mfululizo. Nyumbani, mtu anaweza kuchukua mzunguko wa kwanza wa Jumatatu na wa pili wa Alhamisi akaiunganisha. Kinachomsaliti ni pumzi: noti ndefu ya bari ya 12 inaisha, na mzunguko mpya unaingia kwa nguvu zote wakati ambapo mwenye mapafu ya kawaida angekuwa bado anavuta hewa.