Upatanisho wa Sarufi na Mtu Aliyefutwa: Kazi za Wanafunzi juu ya Riwaya ya Orwell

Riwaya ya George Orwell iitwayo Nineteen Eighty-Four ilipigwa chapa London mwezi wa Juni 1949, miezi saba kabla ya mwandishi wake kufariki. Yasawiri nchi ambayo utawala umemmeza mtu mzima, mwili na fikira. Mwishoni mwake mna nyongeza inayoeleza sarufi ya Newspeak, lugha iliyobuniwa na watawala hao ili mawazo ya uasi yakose maneno ya kuyabeba. Kwa ajili ya nyongeza hiyo mimi, ambaye kazi yangu ni isimu wala si fasihi, niliwapa wanafunzi wangu kitabu hiki, nikawataka waniletee kazi ya kubuni kwa Kiswahili badala ya insha. Baadhi ya wenzangu waliuliza kama kazi ya namna hiyo ni uhakiki, au ni mchezo wa kupumzisha akili. Swali hilo ni la haki, na hapa nataka kulijibu kwa kuzipima kazi zenyewe.

Nyingi zilikuwa picha za ukutani zenye jicho kubwa. Hizo hazituweki sana, kwa maana jicho lile lingeweza kuchorwa na mtu ambaye hajakifungua kitabu.

Kazi ya pili yastahili kuangaliwa zaidi. Ni kamusi ndogo ya Kiswahili iliyopunguzwa kwa kanuni za Newspeak. Katika lugha ile kiambishi kimoja cha ukanushi chatosha kuliua neno lililo kinyume: likiwapo neno la wema, neno la ubaya halihitajiwi tena. Mtungaji wetu akalifuta “baya”, akaweka “sijema”. Hesabu yake ni sahihi, lakini sikio lake halikusikiliza. Katika Kiswahili mtu akisema “si mbaya” mara nyingi asifu. Na akisema “si njema sana” mbele ya wakubwa, asema kwa adabu jambo ambalo kila mtu amekwisha kulielewa. Ukanushi wetu hulainisha mahali ambapo ukanushi wa Newspeak hukata. Kwa hiyo kamusi ile yatufundisha umbo la Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili. Katika dibaji yake mtungaji aifananisha Newspeak na usanifishaji wa lugha yetu ulioanzwa na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Lalamiko hilo si tupu, kwa kuwa Kiunguja kilipofanywa msingi, lahaja nyingine zilipoteza heshima; walakini Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 imetolewa upya na kupanuliwa, hali kamusi ya Newspeak husifiwa kwa kupungua kila toleo.

Kazi ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ni taarifa moja ya habari iliyoandikwa mara tatu. Katika ya kwanza, kiongozi wa wavuvi amefika bandarini, naye amepokewa na wenzake. Katika ya pili, kiongozi kimefika bandarini, nacho kimepokewa. Katika ya tatu nomino imeondolewa, pamebaki kitenzi peke yake: kilipokewa. Msomaji asiyejua habari angedhani kilichopokewa ni kikapu.

Nakiri kwamba niliisoma kazi hii kwa wino mwekundu. Mara sita niliandika pembeni “upatanisho!”, nikaipa alama ndogo. Mwandishi wake alikuja ofisini, wala hakuja kuomba alama. Aliniuliza, “Mwalimu, ningewezaje kuonyesha kwamba mtu huyu amefutwa, nami nikaendelea kumwita ‘a-’?” Sikuwa na jibu siku ile.

Tuliangalie jambo lenyewe. Kiswahili kina majina mengi ya watu yaliyo katika ngeli ya ki-vi: kiongozi, kijana, kipofu, kiziwi. Umbo la majina hayo lamweka mtu pamoja na viti na visu. Upatanisho ndio unaomtoa huko. Twasema “kipofu amefika”, wala hatusemi “kimefika”, na kwa silabi hiyo moja twashuhudia kwamba tunayemtaja ni mtu. Katika riwaya ya Orwell, Winston Smith hulipwa kwa kusahihisha magazeti ya zamani, na mtu aliyeanguka, kama yule Withers, hufutwa hata isemwe kwamba hakupata kuwapo. Orwell alihitaji kuunda neno jipya kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Mwanafunzi wetu hakuunda neno lolote. Aliondoa ushuhuda, akatuonyesha kwamba sarufi tuliyonayo ingeweza kuifanya kazi ile bila kamusi mpya. Hilo ni jambo juu ya Orwell, na pia ni jambo juu ya Kiswahili, ambalo sikulipata katika insha yoyote niliyosahihisha.

Kazi hii ina kasoro. Chini ya taarifa ya tatu pana aya inayoeleza maana ya hila yenyewe, kama kwamba msomaji hana macho. Tena mtungaji asahau kwamba ki- si dharau sikuzote: mama humwambia jirani kwamba kitoto chake kimelala, na katika ki- hiyo mna mapenzi. Lakini mwisho wake ni mzuri. Mtunza nyaraka wa miaka ya baadaye ameandika pembezoni kwamba kiongozi huyu alifika, alipokewa, wala hakuonekana tena. Upatanisho umerudi. Nyongeza ya Orwell nayo imeandikwa kwa wakati uliopita, na wako wasomaji wanaoshika kwamba kwa njia hiyo mwandishi atudokeza kuwa utawala ule ulikwisha. Mwanafunzi ameisoma nyongeza hiyo kwa makini kuliko mimi niliyeifundisha.

Basi jibu langu kwa wenzangu ni hili. Kazi ya kubuni ni uhakiki pale ambapo isingeweza kutungwa bila kukisoma kitabu, na pale ambapo ukiisoma hukirudia kitabu ukaona jambo ulilolipita. Kwa kipimo hicho picha za jicho zaanguka, kamusi yasimama kwa mguu mmoja, na taarifa ya mvuvi yasimama. Alama yake nimeibadili. Masahihisho yangu sita ya wino mwekundu hayafutiki. Nimeandika kando yake kwamba aliyekosea ni msahihishaji.