Mahari, Fungu na Heshima: Juu ya Istilahi za Riwaya ya Kihistoria ya Mahaba

Istilahi za sheria, za uhandisi na za utabibu zina watetezi wengi, wala hatuwalaumu. Serikali haiwezi kuendeshwa kwa maneno ya kubahatisha, na mgonjwa hawezi kutibiwa kwa hayo. Lakini iko aina ya maandishi ambayo watu huisoma kwa hiari yao, usiku, baada ya kazi, bila ya kuamriwa na mwalimu wala mkuu wa idara, nayo aghalabu wasomi huipita kwa dharau. Hizo ni riwaya za mapenzi ambazo mambo yake yamewekwa katika zama zilizopita. Katika makala haya tumekusudia kueleza kwa nini riwaya hizo huwavuta wasomaji na waandishi, na kuonyesha ya kuwa mvuto wenyewe umo ndani ya maneno. Mfasiri asiyejali istilahi huuondoa mvuto huo kabla msomaji hajafika ukurasa wa kumi.

Wale wanaodharau riwaya hizi wangefaa kukumbuka asili ya jina lake. Neno "romansi", ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa hadithi za namna hii, hapo mwanzo halikuwa jina la hadithi hata kidogo. Katika Kifaransa cha kale lilikuwa jina la lugha: lugha ya watu wote, mbali na Kilatini cha kanisa na cha wanazuoni. Katika karne ya 12 masimulizi ya mashujaa na wapenzi yalipoandikwa kwa lugha hiyo ya watu, jina la lugha likawa jina la masimulizi. Kwa hiyo aina hii ya fasihi ilizaliwa siku ile lugha ya nyumbani ilipopewa heshima ya kuandikwa. Sisi tunaoshughulika na Kiswahili hatuna sababu ya kuionea haya.

Tuanze na jina ambalo tungeipa. "Riwaya ya kihistoria" ni istilahi iliyokwisha kukubalika, nayo tusiiguse. Tatizo ni sehemu ya pili. "Mapenzi" ni neno pana mno: mtu ana mapenzi kwa nchi yake, kwa watoto wake, hata kwa mpira. "Ashiki" huelekea kwenye tamaa peke yake. "Mahaba" ndiyo hasa yapitayo baina ya wawili wanaotakana, nasi tunalichagua neno hilo. Sasa tupange maneno. Wengine wangesema "riwaya ya mahaba ya kihistoria". Lakini "riwaya" huchukua "ya" na "mahaba" nayo huchukua "ya", hata msomaji asijue kilicho cha kihistoria ni riwaya au ni mahaba. Tukisema "riwaya ya kihistoria ya mahaba" utata huo huondoka. Tunapendekeza jina hilo, na katika makala haya tutalitumia.

Je, riwaya hiyo ina nini hata watu wakaipenda? Jibu la haraka ni kwamba watu hukimbia shida za leo na kujificha katika mavazi mazuri na majumba makubwa ya zamani. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, kwani majumba na mavazi yangeweza kutazamwa katika picha. Sisi tunaona sababu iliyo kubwa zaidi. Mapenzi huwa hadithi pale yanapokuwa na gharama. Wawili wakipendana, wakaoana kesho yake bila ya kizuizi, hapana la kusimulia. Zama zilizopita zilikuwa na vizuizi vingi vilivyo wazi: sheria, mali, cheo, amri ya wazazi, jina la ukoo. Msomaji huingia katika riwaya akijua kwamba kila tendo lina bei, na raha yake ni kutazama wawili hao wakitafuta njia ndani ya kanuni wasizozitunga wao.

Mfano ulio maarufu ni riwaya za Georgette Heyer wa Uingereza, aliyezaliwa 1902 na kufariki 1974. Kitabu chake cha kwanza, The Black Moth, kilitoka 1921. Mwaka 1935 alichapisha Regency Buck, na tangu hapo jina lake likafungamana na miaka ya 1811 hadi 1820, wakati Mfalme George wa Tatu alipokuwa hawezi kutawala kwa maradhi, na mwanawe akashika mamlaka kwa niaba yake. Hapa walimu wapambanue jambo moja. Jane Austen naye aliandika juu ya miaka hiyo, lakini aliandika juu ya zama zake mwenyewe, kwani alifariki 1817. Vitabu vyake si riwaya za kihistoria. Heyer aliandika zaidi ya miaka mia moja baadaye, na ilimbidi kuyatafuta kwa bidii mambo ambayo Austen aliyaona kila siku mlangoni pake.

Tutazame baadhi ya kanuni za zama hizo. Sheria ya ndoa ya mwaka 1753 ilimzuia kijana wa Uingereza aliye chini ya miaka 21 kuoa au kuolewa kwa leseni bila ya ridhaa ya mzazi. Sheria hiyo haikufika Uskoti, na kwa hiyo wapenzi walitorokea Gretna Green, kijiji kilicho mpakani, wakaoana huko. Ardhi ya ukoo kwa kawaida ilirithiwa na mwana wa kwanza wa kiume, na wadogo zake wakatafuta riziki jeshini, kanisani, au kwa mke tajiri. Mke naye, akisha kuolewa, mali yake iliingia mikononi mwa mumewe, isipokuwa kama jamaa zake walikwisha kuifunga kwa mkataba. Sheria ya mwaka 1882 ndiyo iliyompa mke haki kamili ya kumiliki mali yake mwenyewe. Ukiyajua haya, unafahamu kwa nini msichana wa riwaya hutetemeka anapoulizwa swali moja tu na mwanamume: akikosea mume, amekosea maisha, wala hana njia ya kurudi.

Hapa ndipo istilahi inapoingia. Tuseme mfasiri amefika mahali panaposema kwamba msichana fulani ana pauni 10,000 za kuolewa nazo, na vijana wengi wanamfuata kwa ajili hiyo. Mfasiri, kwa haraka, anaandika "mahari". Neno hilo moja linaipindua riwaya nzima. Kwa Mwislamu mahari ni haki ya bibi arusi itokayo kwa mume. Kwa makabila mengi ya bara ni mali itokayo kwa mume kwenda kwa wazazi wa mke. Pande zote mbili mali hutoka kwa mwanamume. Katika Uingereza ya riwaya hizi mali ilitoka kwa baba wa msichana ikaenda kwa mume. Msomaji wetu akisoma "mahari ya pauni 10,000" atadhani vijana wale wanashindana kulipa, kumbe wanashindana kupokea. Mwindaji wa mali atageuka kuwa mtu mkarimu, na baba mwenye hofu atageuka kuwa baba mwenye tamaa. Tunapendekeza "fungu la bibi arusi", likaelezwa mara moja linapotokea mara ya kwanza, kisha likatumiwa mpaka mwisho.

Kosa la pili ni la bibi yule mtu mzima anayefuatana na msichana kila aendako, ili asionekane peke yake na mwanamume. Wako watakaojaribiwa kumwita "kungwi" au "somo". Maneno hayo ni mazuri, lakini kazi yake ni nyingine: kungwi humfunda mwari mambo ya unyumba, na bibi yule kazi yake ni kuhakikisha kwamba msichana hayafahamu kabla ya wakati. "Msindikizaji" linatosha. Kadhalika, mkusanyiko wa usiku ambamo vijana hucheza wawili wawili usiitwe "ngoma". Uitwe "dansi", neno ambalo watu wetu wanalo. Mahali hapo ni muhimu katika hadithi, kwani ndipo kijana aliporuhusiwa kumshika msichana mkono mbele ya watu na kumwambia neno wazee wasilisikie.

Kosa la tatu ni vyeo. Mabwana wa Uingereza wana daraja tano, na riwaya hutegemea tofauti zake. Mfasiri akiwaita wote "bwana", daraja zimekufa. Akiwaita "mwinyi" au "jumbe", amewahamishia Pwani, na msomaji ataona minazi mahali penye theluji. Kwa kuwa vyeo hivyo havina wenzake kwetu, tunaona afadhali kuvitohoa: duki, markizi, eri, vaikaunti, baroni, kwa mpangilio huo kutoka juu. Orodha ya mistari mitano mwanzoni mwa kitabu itamtosha msomaji.

Lakini heshima hatuhitaji kuitohoa. Maneno "heshima", "aibu", "fedheha", "staha" na "kuvunjiwa jina" yamekwisha kubeba mzigo ule ule ambao riwaya hizo zinautaka. Hapa Kiswahili hakikopi. Msomaji wa Lamu au wa Bagamoyo hahitaji maelezo kufahamu kwa nini msichana aliyeonekana bustanini na mwanamume, hata kama hawakutenda lolote, amekwisha kupata hasara.

Asije mtu akadhani kwamba raha hii ni ya kigeni. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe masimulizi ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Kitabu hakikupata mchapishaji kwa lugha hiyo. Yeye mwenyewe akakifasiri kwa Kiswahili, nacho kikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika ilitoka 2002. Mambo yake yamewekwa katika kisiwa cha Ukerewe kabla ya kuja kwa wazungu. Mume na mke wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanasema maneno mabaya, wazazi wa mke wanakasirika na kumchukua binti yao, na mume anakwenda ukweni kumrudisha. Anatozwa pombe ya ndizi, naye anaitafuta.

Hii si hadithi ya wachumba, na hatutaki kuibandika jina lisilo lake. Hata hivyo, chemchemi ya raha yake ni ile ile. Mapenzi ya Myombekere yanaonekana kwa sababu yana gharama, na gharama ile ina jina, kipimo na adabu yake. Angalikuwa na ruhusa ya kuvunja mila akamchukua mkewe kwa nguvu, tusingalijua anampenda kiasi gani. Tunamjua kwa pombe aliyoihangaikia. Na Kitereza, kama mfasiri wa kazi yake mwenyewe, alitufundisha kwamba mila za watu huweza kuingia katika Kiswahili bila ya kupoteza sura yake, mradi mfasiri awe na subira ya kueleza.

Upande wa uandishi nao una mvuto wake. Mtunzi wa riwaya hizi analazimika kuwa mtafiti wa maneno. Heyer aliweka madaftari ya mavazi, ya bei za vitu na ya misemo ya mitaani ya zama alizoziandikia. Mtunzi wetu atakayeandika mahaba ya Unguja katika siku za Sayyid Said, aliyefariki 1856, atakutana na kazi kama hiyo. Mtu wake hatalipa shilingi, atalipa riale. Anaweza kusema "ujamaa" kwa maana ya udugu, lakini msomaji atasikia siasa, kwa kuwa tangu insha ya Mwalimu Nyerere ya 1962 neno hilo limevaa nguo nyingine. "Ikulu" ni neno la zamani la bara, la makao ya mtemi. Likitiwa kinywani mwa mfanyabiashara wa Forodhani wa zama zile litamshangaza msomaji makini. Anayeandika kwa uangalifu wa namna hiyo anajifunza historia ya lugha kuliko wengi wanaoifundisha, na tunadhani hapo ndipo ilipo furaha yake kubwa.

Lipo jambo moja ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mwaka 1972 Kathleen Woodiwiss wa Marekani alichapisha The Flame and the Flower, kitabu kilichofungua njia kwa riwaya nyingi za mahaba ya zamani nchini humo. Mwanzoni mwake mwanamume anamwingilia mwanamke kwa nguvu, na sehemu kubwa iliyobaki ni ya kuwafanya wawili hao wapendane. Mfasiri afanye nini? Katika matini yenyewe asilainishe wala asiongeze: aandike kitendo kama kilivyoandikwa, wala asikifunike kwa "alimshinda" au "alimtwaa", maneno yanayonukia ushujaa. Katika dibaji, katika mhakiki na darasani, kitendo hicho kiitwe kubaka. Tulisema kwamba mapenzi hupata uzito kwa kizuizi kinachoheshimiwa. Ridhaa ya mwenzako ndiyo kizuizi cha kwanza, na riwaya inayokivunja imejinyima chanzo cha raha yake.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri, walimu na maofisa wenzetu wasizione riwaya hizi kuwa chini ya kazi yao. Karani atakayejifunza katika hadithi kupambanua mahari na fungu la bibi arusi hatayachanganya siku atakapofasiri hati ya mirathi. Mapendekezo tuliyoyatoa hapa si amri. Mwenye neno lililo bora kuliko "fungu" au "msindikizaji" na alilete, tulipime pamoja.